Binti Yangu Alifika Zahanati, Akarudishwa

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa mpunga na ufuta katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Barua hii nimeiandika kwa usiku tatu, kila mara nikiichana, kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu katika nyumba yetu na sina mtu wa karibu ninayeweza kumweleza bila kesho yake kulisikia kisimani.

Binti yangu wa pili ana miaka 16 na yuko kidato cha pili. Shule ya sekondari ya kata iko mbali na kijiji chetu, mtoto hawezi kwenda na kurudi kwa miguu kila siku, kwa hiyo sisi, kama wazazi wengi wa huku, tulimpangia chumba karibu na shule pamoja na wenzake wawili. Kila baada ya wiki mbili alikuja nyumbani kuchukua unga, maharage na fedha kidogo. Aliyekuwa akimleta na kumrudisha ni kijana wa bodaboda mwenye miaka 24, ambaye mara nyingi hakudai nauli, nasi tukamwona kuwa ni mtu mwema. Likizo ya mwezi wa sita mtoto alipofika nyumbani nilimtazama mara moja tu nikajua. Sasa mimba ina miezi mitano.

Nilipomkalisha na kumuuliza, alinieleza jambo ambalo tangu siku hiyo limeninyima usingizi. Alisema kwamba mwezi wa pili, kabla mimba haijaingia, alikwenda mwenyewe katika zahanati iliyo karibu na shule yao, siku ya Ijumaa baada ya kuomba ruhusa kwa mwalimu, akiwa bado na sare. Alikaa kwenye benchi pamoja na akina mama waliokuwa na watoto wao. Zamu yake ilipofika, nesi alimuuliza kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba mwanafunzi anatafuta nini kwenye uzazi wa mpango, kisha akamwambia arudi na mama yake. Akatoka huku akina mama wakimsindikiza kwa macho. Alijaribu pia duka la dawa, lakini fedha aliyokuwa nayo haikutosha, na muuzaji alikuwa anafahamiana na mwalimu wake. Baada ya hapo hakujaribu tena mahali popote.

Mama, sitaki kukuficha. Mwaka jana binti huyu huyu aliniuliza tukiwa shambani kama ni kweli kwamba sindano ya uzazi wa mpango huharibu kizazi. Nilimjibu kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya wanawake walioolewa, na kwamba nikimsikia tena akiyataja nitamwambia baba yake. Kwa hiyo nesi alipomwambia arudi na mama yake, alikuwa anamrudisha kwangu mimi, mtu ambaye tayari nilikuwa nimemfukuza.

Wiki mbili zilizopita nilimpeleka kliniki. Kijiji chetu hakina zahanati, tunakwenda kilomita 11, na masika mto ukijaa hatuvuki kabisa. Tulipofika tuliambiwa kwamba mjamzito anaanza kliniki akiwa na mwenza wake ili wapime pamoja, na kama hana mwenza alete barua ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji wetu ni shemeji wa mume wangu. Nikimwomba barua hiyo, kesi imeanza na kijiji kizima kimejua. Tukarudi nyumbani, na hadi leo hajapimwa chochote.

Wakati huo huo wazee wa yule kijana wamekuja kuzungumza na mume wangu. Wanasema watatoa ng'ombe na kumwoa, ili mambo yaishe kimya kimya. Mume wangu anaelekea kukubali. Binti hataki, ila analia tu na hasemi sana.

Tena nina mwingine wa miaka 13, aliyevunja ungo mwaka huu. Jirani amenishauri nimpeleke mjini Tunduma achomwe sindano bila kumweleza ni ya nini, nimwambie ni chanjo. Nimeogopa, lakini naogopa zaidi kuyaona haya mara ya pili. Naomba unieleze nifanye nini, na naomba uniambie ukweli hata kama utaniuma: kosa hili ni la zahanati au ni langu?

Mama mkulima, Momba

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na swali lako la mwisho nitalijibu, ila siwezi kuanza nalo, kwa sababu lipo jambo lisiloweza kusubiri. Binti yako ana miaka 16, hii ni mimba yake ya kwanza, imefika miezi mitano, na hajaonwa na mhudumu hata mmoja. Mpeleke kliniki wiki hii. Si baada ya mavuno, si baada ya mazungumzo ya wazee kumalizika.

Nasema hivyo nikiwa mkunga mstaafu niliyefanya kazi miaka 27 katika vituo vya Nyanda za Juu Kusini, na najua miezi hii ya katikati huwa na nini ndani yake. Msichana wa umri wake yuko katika hatari kubwa kuliko mwanamke wa miaka 25 ya kupata kifafa cha mimba, kuishiwa damu, na kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Nyonga ambayo bado inakua inaweza kushindwa kumpitisha mtoto, na uchungu ukikaa siku mbili bila msaada, mtoto hufa na mama hubaki na fistula, akivuja mkojo bila kujizuia. Yote haya yana dalili zinazoonekana mapema kwa vipimo vya kawaida kabisa: shinikizo la damu, mkojo, wingi wa damu, urefu wa tumbo. Atapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria ambayo huanza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, chandarua, na kipimo cha virusi vya ukimwi na kaswende. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tangu mwaka 2016 kwamba mjamzito akutane na mhudumu angalau mara nane hadi kujifungua. Binti yako amezikosa zile za mwanzo, na hazirudi, lakini zilizobaki zinatosha kumwokoa.

Kuhusu barua ya mtendaji, nisikilize vizuri. Kumwalika mwenza kliniki ni jambo jema ambalo Serikali inalihimiza, kwa sababu wanaume wengi wasingepima virusi vya ukimwi pasipo mwaliko huo. Lakini kuhimiza ni kitu kimoja na kuweka sharti ni kitu kingine. Hakuna mjamzito anayepaswa kurudishwa nyumbani bila kupimwa kwa sababu amekuja peke yake, sembuse mtoto ambaye mtu anayeitwa mwenza wake ni mtu mzima aliyemharibia masomo. Utaratibu ule wa barua umeota katika vituo vingi vya vijijini kama njia ya mkato ya kuwabana wanaume, na wanaobanwa ni wanawake wasio na wanaume wa kuwasindikiza: wajane, walioachwa, na wasichana kama huyu wako. Nenda naye tena, uombe kuonana na mganga mfawidhi ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa, umweleze umri wa mtoto na miezi ya mimba, kisha umwambie kwa adabu kwamba umekuja apimwe leo. Akikataa, usirudi nyumbani kugombana na moyo wako. Panda hadi kituo cha afya au hospitali ya wilaya, umuulizie mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri, ambaye kazi yake ni hiyo. Huduma za wajawazito katika vituo vya umma hutolewa bila malipo kwa mujibu wa sera ya nchi, kwa hiyo kinachokuhitaji fedha ni nauli, na nauli hiyo, mwanangu, hata kama ni gunia la ufuta, iuze.

Mkiwa huko, mpange mapema mahali atakapojifungulia. Kwa umri wake nisingependa ajifungulie zahanati isiyo na upasuaji, wala nyumbani hata kama bibi yake ni mkunga wa jadi mwenye mikono mizuri. Mimba ikifika mwezi wa tisa ahamie karibu na kituo chenye chumba cha upasuaji, kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo, hasa kwa kuwa umeniambia habari za mto kujaa. Akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni, uso na mikono vikivimba, akitokwa damu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, msingoje asubuhi. Pigeni namba 115, haina malipo. Ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ambao huwatumia hata madereva wa kawaida wa maeneo husika pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali.

Sasa nije kwenye swali lako.

Binti yako alitembea mwenyewe hadi zahanati miezi kadhaa kabla ya haya yote. Naomba ulitazame jambo hilo kwa macho mapya, kwa sababu wengi wanaposikia mimba za utotoni husema watoto wa siku hizi hawana akili, hawajali kesho yao. Huyu alijali. Aliomba ruhusa kwa mwalimu, akakaa kwenye benchi, akaisubiri zamu yake. Alifanya kila kitu ambacho mtu mzima mwenye busara angefanya. Alichokosa ni mtu wa kumpokea.

Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, tuliouita MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo mengi yalisimama, mengine hadi leo yanangoja bati, na wewe mwenye kutembea kilomita 11 unajua umbali bado unaua. Lakini binti yako hakuzuiwa na kilomita. Zahanati ilikuwa karibu na chumba chake. Alizuiwa na hatua tatu za mwisho, kutoka kwenye benchi hadi kwenye meza ya nesi. Zahanati nyingi za vijijini hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, ambazo ndizo saa za masomo. Chumba ni kimoja, mhudumu ni mmoja au wawili, na foleni ya uzazi wa mpango ndiyo foleni ya kliniki ya watoto, ambamo ameketi mama wa rafiki yake, mke wa mchungaji na jirani wa mwalimu mkuu. Msichana akisimama hapo ametangaza maisha yake kwa kata nzima hata kabla hajafungua kinywa. Ukichanganya na nesi anayeuliza kwa sauti, huduma hiyo kwa msichana yule haipo, ingawa dawa zimejaa kabatini.

Na nesi yule alikosea, si kwa adabu tu bali kwa utaratibu. Miongozo ya uzazi wa mpango ya Tanzania haimtaki kijana alete mzazi wala mume ndipo apewe ushauri na huduma. Hata kipimo cha virusi vya ukimwi, ambacho zamani kilihitaji ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18, sheria ilirekebishwa mwaka 2019 ili kijana wa miaka 15 aweze kupima kwa ridhaa yake. Alipaswa kumwingiza ndani, afunge mlango, amuulize kwa upole kama kuna mtu anayemlazimisha au kumrubuni, kwa sababu ni mtoto bado, amweleze njia zilizopo, na amwambie siku ya kurudi. Muda wake ungekuwa dakika 20.

Najua ni dakika 20 kwa sababu mimi pia nilizikataa. Miaka ya tisini alikuja kwangu msichana mwenye sare ya shule, akaomba vidonge vya majira. Nilimuuliza mbele ya watu, wewe ni mtoto wa nani? Niliamini kwa moyo wote kwamba namlea, kwamba aibu ile itamrudisha kwenye mstari. Akatoka bila kujibu. Mwaka uliofuata aliletwa usiku juu ya mkokoteni wa ng'ombe akiwa na degedege za kifafa cha mimba. Tulimwokoa yeye, mtoto hatukumpata. Alipozinduka alinitambua, nami nikamtambua, na hatukusemezana neno hadi aliporuhusiwa. Nimewafundisha wauguzi wengi baada ya hapo, na somo la kwanza nililowapa lilikuwa ni kufunga mlango.

Kwa hiyo zahanati ina kosa lake, na wewe unalo lako, umelitaja mwenyewe na sitalifunika. Swali alilokuuliza shambani lilikuwa mlango wa kwanza, nao ulifungwa kabla ya ule wa zahanati. Lakini kipime kosa lako kwa kipimo chake. Uliogopa jambo ambalo hakuna aliyewahi kukueleza nawe, ukamjibu mtoto jinsi ulivyojibiwa wewe. Mtu mzima wa miaka 24 aliyegeuza nauli ya shule kuwa mtego wa mtoto ana kosa la namna nyingine kabisa, na katika mazungumzo ya ng'ombe yanayoendelea sebuleni kwako naona kosa hilo ndilo linalosahauliwa haraka kuliko yote. Katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Mijini walikuwa 16, vijijini 25, na katika mkoa wako wa Songwe walikuwa 45, idadi kubwa kuliko mikoa yote. Nakupa takwimu hizi ili ujue kwamba jambo unaloficha limo katika nyumba nyingi za majirani zako, ambao nao wanakuficha wewe.

Kuhusu ndoa, jibu langu ni hapana, na sheria iko upande wangu. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inakataza mtu yeyote kumwoa au kumwoza mwanafunzi, na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Mume wako akipokea ng'ombe hao anajitia mwenyewe hatarini. Mweleze hivyo kwa utulivu, na kama neno lako halitoshi, nendeni pamoja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mfike Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ambako mtasikilizwa faragha. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo binti mwenyewe anaweza kuipiga bila malipo.

Hapa nataka niseme jambo ambalo wanasheria watanivumilia. Hofu ya kesi ni sababu kubwa inayowaweka wasichana wengi mbali na kliniki. Familia ya kijana inaogopa jela, familia ya msichana inaogopa kugombana na ukoo wa jirani, na msichana anaogopa swali la "nani amekupa mimba", basi wote wanakubaliana bila kusema kwamba tumbo lifichwe hadi siku ya uchungu. Sheria iliyowekwa kumlinda inageuka kuwa ukuta kati yake na kipimo cha shinikizo la damu. Ndiyo maana nimekuanzia kliniki. Kesi ina siku nyingi; mimba ina wiki zake tu.

Shule haijaisha. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata mimba, kurudi katika shule za mfumo rasmi. Nenda kwa mkuu wa shule kabla hajajifungua, mwambie kwamba atarudi, ili jina lake lisipotee kimya kimya. Mwambie hivyo mbele ya binti mwenyewe. Aisikie sauti yako ikisema.

Akishajifungua, asitoke wodini bila kuzungumza na mkunga kuhusu uzazi wa mpango. Msichana aliyezaa akiwa na miaka 16 na kurudi nyumbani bila njia yoyote mara nyingi tunampokea tena kabla hajafika 18. Kipandikizi, ambacho wengi mnakiita kijiti, kinaweza kuwekwa mapema baada ya kujifungua hata kama ananyonyesha, nacho hudumu miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Na lile swali aliloliuliza shambani lijibiwe sasa: hapana, sindano haiharibu kizazi. Inaweza kuvuruga siku za hedhi, na baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, na huenda uvumi ulizaliwa hapo. Kijiti kikitolewa, uwezo hurudi upesi. Mwambie yote mawili, lile zuri na lile la usumbufu, kwa sababu wasichana wanaofichwa usumbufu ndio wanaokwenda kukitoa kienyeji kwa wembe.

Yule wa miaka 13 usimpeleke Tunduma. Usimchome mtoto dawa kwa uongo. Siku atakapojua, na atajua, hatakuamini wewe, hataamini sindano wala chanjo yoyote, na mtakuwa mmemfungia milango yote kwa siku moja. Tena sindano haizuii mtu mzima kumnyemelea, wala haizuii virusi vya ukimwi. Anachokihitaji sasa ni mama anayejibu. Mweleze hedhi ni nini na mimba hupatikanaje, kwa maneno ya wazi, kama ambavyo kungwi angemweleza lakini bila vitisho. Mweleze kwamba mtu anayempa lifti, chipsi au vocha anaweza kuja kudai malipo, na kwamba siku hiyo akimbilie kwako hata kama ameshapokea. Mweleze pia kwamba ikitokea amefanyiwa jambo, kwa nguvu au kwa kurubuniwa, vipo vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinavyofanya kazi ndani ya siku tano, na dawa za kujikinga na virusi vya ukimwi zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kwamba kila saa inayopita ina thamani. Kama hajapata chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, mpeleke zahanati kwa ajili hiyo, ukimwambia ukweli kwamba ni chanjo. Hapo atamfahamu nesi kwa jina, na nesi atamfahamu yeye, siku ambayo hakuna jambo la aibu. Akifika sekondari, msimpangie chumba peke yao watoto watupu. Tafuteni, wazazi wenzako na wewe, mama mtu mzima wa kukaa nao, mchangie chakula chake.

Lipo jambo moja zaidi, na silidai leo, kwa sababu leo una mtoto wa kumpeleka kliniki. Kila zahanati ya umma ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Utakapokuwa na nguvu, tafuta akina mama wawili au watatu unaowaamini, mpeleke hoja mbili tu. Ya kwanza, barua ya mtendaji isiwe sharti la kuanza kliniki. Ya pili, vijana wawekewe saa zao, Jumamosi au jioni baada ya masomo, katika chumba chenye mlango unaofungwa, na wavulana wakaribishwe pia, maana nao hatukuwahi kuwafundisha kitu. Huduma rafiki kwa vijana ni sehemu ya mipango ya Wizara ya Afya tangu miaka mingi. Hamtakuwa mnaomba fadhila. Huhitaji kusimulia habari za nyumbani kwako ili kusema hayo.

Siku mtakayokwenda kliniki, ingia naye mpaka ndani kama atapenda, kisha wakati wa maswali muulize kama anataka ubaki au utoke. Akisema utoke, toka, ukae kwenye benchi. Kadi ya kliniki mwache aishike yeye mwenyewe. Nami naomba uniandikie mkisharudi, unieleze wamempa tarehe gani.